Dawa ndani ya vifuko vya mafuta

Jumanne

Kumbe maziwa hayafiki kwenye mapafu. Kila Baba Kulwa akitoka karasha, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nampa kikombe, yakasafishe vumbi. Leo tumekwenda hospitali kwa kikohozi chake, daktari kaniambia kwa upole, “Mama Kulwa, hayo yanaishia tumboni.”

Halafu akatueleza kuna wataalamu wanaofunga dawa kwenye vifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni. Mgonjwa anavivuta kama mvuke, vinatulia mapafuni, vinaachia dawa kidogo kidogo. Akili gani hiyo, Mungu wangu. Nimeiwaza mpaka ugali umeungua.

“Basi mke wangu alikosea mlango tu,” Baba Kulwa alicheka pale pale kwa daktari, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Ila dawa ya vifuko ya ugonjwa wake huu wa vumbi la mawe bado wanaitafuta. Naogopa. Lakini njiani tukirudi kasema mwenyewe, “Karasha basi. Nitalima mpunga, hiyo dawa inikute napumua.”