Teke la Bunduki Lilimuumiza Binti Yangu, Nami Nikamwita Mwoga

Mama Surinder mpendwa,

Naomba unisaidie na usinicheke, maana jambo hili siwezi kulisema kanisani, na kazini nikilitaja nitataniwa mpaka nistaafu. Mimi ni dereva wa basi hapa Tottenham, mzaliwa wa Meru, na kabla ya kuja huku nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo bunduki naijua, au tuseme nilidhani naijua. Rafiki yangu Justin, Mwingereza tuliyeendesha basi pamoja miaka tisa, alirudi Essex kulima shamba la babake, na kulungu wa kule wamezidi, wanamaliza ngano na miche ya miti, basi kila kipupwe mimi huenda kumsaidia kuwapunguza, nina cheti changu cha polisi na bunduki yangu ya .308, kila kitu halali.

Binti yangu Makena ana miaka kumi na saba, anasomea utunzaji wa misitu, na mwaka huu akaniambia anataka kujifunza kuwinda kwa sababu haoni haki mtu kula nyama huku anaogopa kujua ilikotoka. Mama, nilivimba kichwa kwa fahari, na kosa langu likaanzia hapo hapo, maana Justin alisema, "Mwanzishie na bunduki yangu ndogo, .243, haina teke kubwa begani," nami nikamjibu kwamba hiyo ni ya kufukuzia kunguru, mtoto wangu atajifunza kwa bunduki ya babake na risasi zile zile nzito ninazopiga mimi, za kichwa cha greni mia moja na themanini, yaani karibu gramu kumi na mbili.

Siku ya mazoezi alipiga risasi tano kulenga karatasi. Ya kwanza iligonga karibu na katikati, ya pili ikaenda kushoto, ya tatu chini, mbili za mwisho hazikugusa hata karatasi. Nikamwambia, "Kaza bega!" Akasema, "Nimekaza, Baba." Sikuuliza zaidi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumelala kifudifudi ukingoni mwa msitu tangu alfajiri, Makena katikati, mimi kushoto na Justin kulia, nyasi zote nyeupe kwa barafu, na jua lilipochomoza tu akatoka jike mmoja, mita themanini hivi, peke yake. Mama Surinder, nimeishi na wanyama, nimelala porini na tembo wakipita karibu na hema, lakini sijui ni kwa nini huyu alinikata pumzi. Mvuke ulikuwa ukimtoka puani, mgongo mzima umejaa chembe za barafu zinazometa, na kulikuwa kimya hata nikasikia anavyotafuna. Nikanong'ona, "Sasa." Hakupiga. Nikasema, "Makena, piga!" Nikaona kidole chake kwenye kifyatulio, kisha akakitoa kabisa, akafunga usalama wa bunduki, akasema polepole kwa Kiingereza chake kwamba hajui risasi itaenda wapi na hawezi kumfanyia kiumbe yule hivyo. Kulungu akainua kichwa, akatutazama sote watatu, akaondoka bila haraka.

Nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya Justin, "Sikujua nimezaa mwoga." Akanikabidhi bunduki, akatangulia garini.

Jumatatu akashindwa kuinua mkono kuchukua kikombe rafuni, mamake akamvuta kola kidogo, tukaona bega limekuwa jeusi na kijani hadi karibu na kwapa. Risasi tano tu, na zote niliziweka mimi.

Nikaenda kwa Justin peke yangu kuomba radhi, naye akaniambia nipige kidogo shabaha ili nitulie, na bila kuniambia akanitilia ganda tupu lisilo na baruti. Nilipofyatua bunduki haikulia, lakini mtutu ulishuka kama umevutwa na kamba, na macho yangu niliyakuta yamefumba. Justin hakucheka. Alisema tu, "Naftali, na wewe pia unaliogopa teke." Ndipo nikawakumbuka kulungu wawili wa mwaka juzi tuliowatafuta vichakani nusu siku kwa kufuata damu, na mimi nikalaumu upepo.

Sasa Justin anataka Makena arudi Jumamosi hii na ile .243. Je, risasi ndogo si itamjeruhi mnyama tu? Na je, nimwambie binti yangu kwamba babake aliyemwita mwoga hufumba macho? Kila nikitulia namwona akitoa kile kidole, na nashikwa na kitu kama kile ninachokisikia kanisani wote wanapopiga magoti.

Naftali, Tottenham

*

Baba Makena,

Wengi huniandikia habari za wakwe na mawifi, hawajui kwamba nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la bunduki la marehemu mume wangu kwa miaka ishirini na sita. Wanaume wa aina yako nimewauzia wengi. Huingia na binti au mke, huomba boksi la risasi nzito kuliko zote, na baada ya mwezi hurudi kuuza bunduki wakisema, "Hakupenda." Alipenda. Aliumia.

Kwanza nikutoe hofu. Mnyama hauawi na kelele, wala hauawi na teke linalokuvunja bega. Anauawa na risasi iliyofika nyuma kidogo ya mguu wa mbele, penye moyo na mapafu. Sheria ya hapa England kwa kulungu wa Essex inataka mtutu usiopungua upana wa inchi .240 na nguvu ya futi-pauni elfu moja na mia saba. .243 yenye kichwa cha greni mia moja inavuka hapo bila shida, na Justin akipenda zile za shaba tupu, achukue za greni themanini. Muhimu kiwe kichwa kinachofunguka kikiingia mwilini, si zile ngumu za kulengea shabaha. Zipo pia risasi za .308 zilizopunguzwa nguvu, najua utazifikiria ili usiiache bunduki yako. Ziache. Nyingine zinashuka chini ya kiwango cha sheria, na kitako cha bunduki yako kilichongwa kwa urefu wa mkono wako, si wa msichana.

Sasa sikiliza na ufuate. Jumamosi hii haendi popote. Bega lipone kabisa. Majike wana msimu hadi mwisho wa Machi, mna wakati. Aanze upya na bunduki ndogo kabisa, .22, mpaka mwili wake usahau kuogopa, kisha .243 ya Justin, yenye kizuia sauti mbele ya mtutu, kwa maana hicho hupunguza kelele na teke pia, na masikio ayazibe. Risasi nne au tano kwa siku, basi, na katikati Justin amtilie ganda tupu bila kumwambia. Boksi analofanyia mazoezi ndilo aende nalo msituni, kwa kuwa risasi tofauti hugonga mahali tofauti. Asipige zaidi ya mita themanini. Na kwa kuwa hana cheti, risasi anunue Justin na asibanduke ubavuni mwake. Wewe .308 yako ifungie kabatini, ulale kwenye mkeka kando ya binti yako na .22 kama mwanafunzi mwenzake.

Nimemaliza habari ya risasi. Sasa habari yako. Umemwita mwoga mtu aliyekuwa na mnyama mbele ya jicho, bega linawaka, babake anamsukuma sikioni, naye akakataa kwa sababu hakuwa na hakika. Katika miaka yangu yote dukani nimesikia hadithi nyingi za waliopiga. Za walioacha hivyo nimesikia mbili, na zote zilikuwa za wazee. Niliposoma hapo niliiweka barua yako mezani, nikakaa tu.

Kwa hiyo mwambie leo, kabla ya chakula. Mwambie kuhusu macho, mwambie kuhusu wale kulungu wawili, na neno "lakini" lisitoke kinywani mwako.

Mama Surinder

*

Barua hii ya pili ilinifikia mwishoni mwa Machi. Naichapa kwa idhini ya baba na binti.

Mama Surinder, nilimwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wale wawili mliwapata?" Nikasema mmoja. Akachukua koti lake, akasema twende tukafanye mazoezi. Tulifanya wiki saba, na kwenye karatasi sasa ananishinda.

Juzi yeye na Justin walilala kifudifudi ukingoni mwa msitu, mimi nikakaa nyuma na darubini tu, sikufungua mdomo. Majike watatu walitoka. Wawili aliwaacha wapite kwa kuwa walisimama vibaya. Wa tatu akageuka ubavu. Nilisikia mlio mdogo, kulungu akaruka hatua kumi hivi, akaanguka, akatulia.

Makena alisubiri kama alivyofundishwa, kisha akaenda, akapiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaweka kiganja shingoni mwa yule mnyama na kukiacha hapo. Justin alianza kusema neno la pongezi, akalimeza. Miaka kumi na mmoja nilihesabu mizoga, na sijawahi kuona mtu akimshika mnyama namna ile. Nilivua kofia, nikasimama nyuma yake mpaka aliponyanyuka mwenyewe.

Naftali