Nguru Ametangulia

Beni, ku hôpital, pembeni ya kitanda ya binti wangu Anne-Marie

Mukwe wangu Edmond,

Nasikia camion yako ingali imekwama Kanyabayonga na réseau haiko, donc dereva Maulidi anakuletea hii barua. Nyumba yenu iko salama. Nilipika sombe, majani ya muhogo, na majirani bote balisema sisi ba Butembo tunajua kupika.

Bibi yako iko muzima. Soma hiyo kwanza, kisha ukae chini.

Écho, ile mashini ya kuangalia tumbo, ilionyesha mutoto ndani, nikapiga vigelegele mu quartier muzima. Mais juzi maumivu ikamukamata, akaanguka. Baganga bakasema mimba ni mbili: moja mahali pake, ingine mu trompe, ule mushipa wa uzazi balipasua mwaka jana. Hiyo ya mu trompe imepasuka, na damu inajaa ndani; lazima bamupasue mara moja.

Ndugu yako Jacob akasema: « Tungoje bwana wake. Mukikata, na ule mwingine atakufa. »

Nikamujibu: « Jacob, huyu binti nilimuzaa mimi. Ngoja wewe, na damu yako! »

Nikatia sahihi pahali pako, bakamupasua, bakatoa ile ya mu trompe. Kama nimekukosea heshima, utanikemea mbele ya ukoo.

Asubuhi hii moyo wa mutoto umepiga mu écho, tuku tuku tuku. Mwana wangu ni chuma! Ule mwingine, mwenye alipotea, Anne-Marie anamulilia, na mimi naangalia dirisha.

Basi usimutafutie jina ya mutoto wa kwanza. Nguru, pacha wa kwanza kwetu Banande, ametangulia. Huyu, hata akizaliwa peke yake, ni pacha wa pili: utamuita Ndungo.

Mama mukwe yako, mwenye midomo,
Kavira