Benzi Uliyosema Umeitengeneza Wewe

Mpendwa Papa Feza,

Ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Mama Filomena wa kikundi cha wajane pale parokiani ananihimiza nikuandikie. Anasema kumwandikia marehemu kunapunguza uzito wa moyo. Yeye alimwandikia mume wake kurasa nne za kumshukuru, akalala vizuri. Mimi nilinunua daftari, likakaa mezani wiki tatu. Shukrani ninazo. Lakini nikishika kalamu, yanayotangulia kutoka ni yale mengine, basi yapokee hivyo hivyo yalivyo.

Unakumbuka siku Benzi ilipofika kwetu Kataki? Ulikuwa umemwendesha bosi wako wa Kabimba miaka mingi, na alipofunga mizigo kurudi kwao akakuachia ile iliyokuwa imesimama nyuma ya gudauni lake, kuku wakitagia ndani. Ililetwa ikivutwa na lori. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imebabuka, viti vya ngozi vimepasuka, kioo cha mlango wa kushoto kimezama ndani ya mlango. Majirani walicheka. Wewe uliizunguka mara mbili, kisha ukaniambia, "Mama Feza, hii haikufa. Imechoka tu." Nilikuamini, maana ulikuwa umesema kwa sauti uliyokuwa ukiitumia kwangu tulipokuwa wachumba.

Mwaka huo huo vidole vyako vikaanza kuvimba. Kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa nzima. Daktari akasema ni ugonjwa wa viungo, utazeeka nao. Kuendesha uliweza, kwa sababu usukani wa Benzi ni mwepesi, unauzungusha hata kwa kiganja. Lakini nati ndogo, skrubu, waya wa taa, vyote vilikushinda. Nilikuwa nachambua maharage siku ile ulipoangusha nati moja mara tatu, ukaitafuta kwenye mchanga mara tatu, halafu ukarusha spana ikagonga ukuta wa jiko. Nikanawa mikono nikaja.

"Nipe nijaribu," nikasema.

"Utaniharibia."

"Imekwisha kuharibika."

Ulitaka kukasirika, ukacheka. Ukakaa kwenye kigoda ukanielekeza. "Usilazimishe. Nati ikikataa, rudisha nyuma kidogo, halafu ingia tena." Iliingia. Nakumbuka ulivyoitazama mikono yangu, kama mtu aliyeona kitu chake ndani ya nyumba ya mwingine.

Na uongo ule, sitakusingizia, niliuanzisha mimi. Nilijua watu wa mtaa wetu. Wangesema ni mwanaume gani anakaa kwenye kigoda mke wake amelala chini ya gari. Nikakuambia tuzungushe mabati upande wa barabara. Nikakuambia, "Wakiuliza fundi ni nani, useme njo weye." Sikujua kwamba neno la kukufichia aibu wiki moja litakaa ndani ya nyumba miaka sita.

Miaka sita, Papa Feza. Binti yetu Feza alikuwa Moba, shule ya masista, akija likizo tu, na akija tulikuwa hatugusi gari. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Kila Jumamosi baada ya kula tulifunga geti, nikavaa suruali yako ya zamani, nikatandika mkeka na kuingia chini. Nilibadilisha breki zote nne. Nilifungua mlango wa kushoto nikapandisha kioo kilichozama. Nilitoa redio ya kaseti iliyokufa nikaweka ile ya kuchomeka flashi, ukasikiliza rumba zako mpaka nikajuta. Viti nilivifumua, nikavikata upya kwa ngozi ya kutengeneza iliyovuka na boti kutoka Kigoma, nikavishona kwa cherehani ya dada yangu. Sindano zilivunjika hata akakataa kuniazima tena. Usukani niliuzungushia ngozi ya mbuzi mara mbili ili unenepe, vidole vyako vipate pa kushika. Hilo hukuniomba. Nililifanya ukiwa misa, ukarudi, ukakaa ndani, ukaushika, ukauzungusha kulia na kushoto gari likiwa limesimama.

Ulikuwa unanishikia taa kati ya vifundo vya mikono yako, kwa sababu vidole havikufunga. Oili ikinidondokea usoni uliipangusa kwa mkono wa shati. Mwaka ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye majiko ya majirani wa chini, tulihamisha Benzi kwanza, vitanda baadaye, na tulicheka kwa jinsi tulivyokuwa wajinga. Nilikupenda upya chini ya gari lile. Naandika hivyo ili usije ukafikiri nimesahau.

Benzi ikapendeza mpaka watu wakaja kuiomba kwa arusi zao. Arusi ya binti wa mkuu wa shule, tulipofika mbele ya kanisa, bwana mmoja mwenye suti aliinama akatazama viti, akapiga mlango kidogo kuusikia unavyofunga. Akakuuliza, "Papa, fundi wako ni nani?" Uliinua mikono yako miwili iliyovimba. "Fundi njo hizi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma yako nimevaa lesi ya bluu, mikono nimeifunika kwa kitenge kwa sababu oili ilikuwa haijatoka kwenye kucha. Nilicheka pamoja nao. Njiani tukirudi ukaniambia, "Umesikia walivyosifu?" Ulikuwa na furaha ya kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu tulikuwa wawili tu garini na bado ulikuwa unasema kama mtu anayesifiwa.

Kisha ikaja ile ya kuchemka. Benzi ilikuwa ikipanda kilima cha kwenda mjini inachemka. Ukasema ni gasketi ya kichwa cha injini, tufungue injini yote. Nikakuambia mbele ya rejeta pameziba kwa matope na wadudu, hewa haipiti. Ukasema, "Nimekaa na magari miaka makumi matatu, weye unanifundisha?" Ulipokwenda kumtembelea rafiki yako niliiosha rejeta kwa ndoo tano za maji, na kesho yake tukapanda kilima, sindano ya joto ikakaa chini. Jumapili nikakusikia unamwambia jirani nje ya mabati, "Nilijua toka mwanzo njo rejeta." Wala hukujua kama nasikia. Ungekuwa unajua, ingekuwa afadhali.

Nilikusamehe hilo. Nilisema ni mwanaume, mwili umemkimbia, acha abaki na maneno.

Lakini ile siku ya ndugu zako sijaweza.

Tumbo lako lilikuwa limevimba, na wote tulijua haliponi. Kaka yako Kitenge alikuja kutoka Niemba na wadogo zako wawili, wakakaa kuzunguka kitanda. Ulikuwa na akili zako zote. Asubuhi ile ulikuwa umenikosoa kwamba uji hauna chumvi. Kitenge akasema, mbele yangu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba nyumba atabaki nayo mjane kwa ajili ya Feza, lakini motokari ni jasho la ndugu yao, aliijenga kwa mikono yake, ni kitu cha ukoo.

Nikakuangalia. Nikasema, "Papa Feza, waambie."

Kitenge akauliza, "Atuambie nini?"

Ulinitazama. Siyo macho ya mgonjwa asiyeelewa. Uliwatazama wao watatu, waliokuwa wakikusubiri kwa heshima ile waliyokuwa nayo kwako, kisha ukasema, "Mama Feza, nipe maji."

Nilikupa maji. Ulikunywa mafunda mawili matatu, ukageukia ukutani. Baada ya siku nne ukafariki, na siku hizo zote nne tulikuwa na saa nyingi za kuwa peke yetu, wala hukulitaja, nami sikulitaja kwa sababu nilitaka litoke kwako.

Matanga yalipokwisha waliichukua. Mtoto mkubwa wa Kitenge aliiondoa bila kushusha breki ya mkono, nikasikia harufu ya breki nilizozifunga mwenyewe zikiungua mpaka walipokunja kona. Huko Niemba waliijaza magunia ya mahindi. Waliokwenda huko waliniambia, wakicheka, jinsi magunia yalivyokuwa yamekaa kwenye viti kama wabunge.

Nilijaribu, Papa Feza. Nilikwenda kwenye garaje ile ya karibu na soko, nikamwomba mwenye nayo kazi. Nilimwambia najua breki, najua umeme kidogo, najua dizeli. Alinisikiliza kwa upole, ndio ulioniuma. Akasema, "Mama, marehemu tulimujua. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Lakini hii kazi haipitie kwa kitanda." Mafundi wake wakaangalia chini wasicheke. Kisha akaniambia kama nina shida, nipike nilete pale, vijana wake wanakula sana. Sasa ndiyo kazi yangu. Kila siku saa sita nawapelekea bukari niliyosonga kwa unga wa mihogo, na ndagala wa kukaanga. Nakaa na sufuria zangu nikiwasikia wakifungua kitu kisicho na ugonjwa na kuacha kilicho nacho. Mara moja nilisema, wakaniuliza kama bukari imekwisha.

Halafu, miezi mitano iliyopita, Kitenge alikuja. Alikaa kwenye kiti kilekile cha mlangoni, vumbi la barabara ya Niemba mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Shemeji, motokari inatusumbua. Inawaka muzuri, inaenda kilometa mbili, tatu, inazima. Tukiingoja kidogo, inawaka tena. Mafundi wamebadilisha pampu, wamefungua mpaka moteri. Bado."

Kabla hajamaliza nilikuwa nimejua. Ni chujio dogo lililo ndani ya tanki. Dizeli ya mapipa ya barabarani ina uchafu. Gari likienda, uchafu unavutwa unaziba chujio, likisimama unashuka chini, njia inafunguka. Ni kufungua nati moja kubwa chini ya tanki, kuliosha na kulirudisha. Ufunguo wa nati ile hauuzwi hapa. Niliuchongesha kwa mhunzi, na ulikuwa chini ya kitanda, hatua tano kutoka alipokaa.

"Marehemu aliacha daftari?" akauliza. "Ao kulikuwa muntu mwenye alikuwa anamusaidia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisimama na kikombe chake cha chai mkononi. Ningesema ni mimi, angeweza kucheka kama yule wa garaje. Au angeniamini, akanipakia kwenye pikipiki mpaka Niemba nikawatengenezee gari langu wabebee mahindi, na wewe ungekuwa mwongo mbele ya ukoo wako wote. Sijui ni lipi kati ya hayo nililikataa.

Nikamwambia, "Papa Kitenge, mwenye aliitengeneza alikufa."

Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Njo vile. Ndugu yetu alikuwa muntu wa akili." Akanywa chai, akaaga.

Nilitegemea kufurahi. Furaha haikuja. Nimesikia wamekwisha kuiuza vipande vipande, injini imekwenda kuzungusha kinu cha kusagia mihogo, na kilichobaki kimekaa juu ya mawe.

Basi Pasaka Feza akaja kutoka Zongwe na mtoto mgongoni. Tulikuwa tunamenya karanga, nikaona nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili. Nikamwambia yote, toka nati ya kwanza mpaka yale maji uliyoniomba. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikaingia ndani nikamletea ule ufunguo wa mhunzi, nikamweleza ni wa nini na unashikwa vipi. Aliugeuza mkononi, akauweka chini taratibu.

"Papa alikuwa na vyombo vingi," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayemfunika mtu aliyelala: "Mama, hana tena kinywa cha kujitetea. Usimuseme vile."

Akaendelea kumenya karanga. Ulimlea vizuri, anakupenda. Shahidi niliyekuwa naye duniani alikuwa mmoja, na alipoitwa aliomba maji.

Naishia hapa. Pumzika, kwa maana uliumia sana mwishoni, nami sikupenda kukuona ukiumia hata siku moja. Hilo tu ndilo ninaloweza kukutakia leo bila kusema uongo. Mama Filomena akiniuliza kama moyo umekuwa mwepesi, nitamwambia bado.

Mke wako,
Mama Feza