Sindano Isiyolegeza Ulimi

Nyaramba, 11 Machi 1996

Kwa mwanangu Abigael,

Salamu nyingi. Wewe na Ishmael hamjambo? Wajukuu je? Huku ni wazima wote, isipokuwa mimi na hili jiwe la figo. Jana lilinigaragaza katikati ya chai, mchana kweupe, majirani wakitazama.

Lakini upasuaji, hapana. Nilipovunjika mguu, hospitalini walinidunga pethidini ya maumivu, ikanilegeza ulimi, nikaisimulia wodi nzima jinsi nilivyomtongoza mama mkwe wako, hadi pasiposimulika. Mpaka leo sokoni wananitania. Na sasa wewe, mke wa mwanangu, ni muuguzi hospitali hiyohiyo! Chinsoni, ile heshima yetu ya wakwe, hairuhusu hata unione nimelala. Afadhali nife na heshima yangu.

Baba mkwe wako,
Nyangau

Kisii, 16 Machi 1996

Baba mpendwa,

Salamu kutoka hapa mtaani Nyanchwa, sote hatujambo. Barua yako ilinichekesha, halafu ikaniliza. Jiwe limeziba njia ya mkojo. Tukingoja, figo itaharibika. Kuna ile methali ya mficha uchi, lakini mimi mkaza mwana siwezi kukumalizia.

Nimesema na daktari wa usingizi. Pethidini hutapewa, wala mofini. Atakuchoma sindano ya ganzi mgongoni, usihisi kitu kuanzia tumboni kwenda chini, ukiwa macho na akili zako zote. Wakimaliza watatia ganzi kwenye kidonda, kisha diklofenaki na panadol, dawa za maumivu zisizolevya. Mimi nitakuwa wodi ya watoto. Chumba cha upasuaji sitakikaribia. Njoo, Baba. Tusije tukakulilia kwa sababu ya aibu.

Mkaza mwana wako,
Abigael

Nyaramba, 20 Aprili 1996

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi nimerudi kuwa mtu! Nilikuwa macho kweli, nikawasikia madaktari wakibishana kuhusu mechi ya mpira, nikawarekebisha. Jiwe lenyewe, punje ya mahindi tu! Jioni kidonda kilichoma, sikatai, lakini nilikunywa uji nikiongea ya maana.

Siku ile ulipokuja kunisalimu, umesimama mlangoni umenipa mgongo, mama mkwe wako alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilitaka kulia. Nilikuwa na neno, likanikwama. Ndilo hili: Ishmael alipokuleta nilidhani nimepata mke wa mwanangu tu, kumbe nimepata binti. Nakupenda, mwanangu. Na hapa sijadungwa kitu.

Baba yako,
Nyangau