Nilimchezesha mama mkwe kwenye simu, mke kaenda kwao

Mpendwa Mama Euphrasia, shikamoo. Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa lugha nitakayotumia maana naandika nikiwa nimekasirika, nimeukasirikia ukoo mzima wa mke wangu kule Kharumwa, nimewakasirikia hata majirani wanaonipa pole huku wanaficha meno.

Mimi ni fundi simu hapa Geita mjini, nina kibanda karibu na stendi, na kazi yangu siyo kubadilisha vioo na kutengeneza sehemu za chaji tu, mimi ndiye ninayewafundisha watu simu zao zina nini ndani, maana mtu anatoka duarani kuchimba dhahabu na jasho lake ananunua simu ya tachi halafu anaitumia kupiga na kumulika njia ya chooni, kana kwamba bado anamiliki kiswaswadu cha vitufe, sasa nikiona hivyo roho inaniuma, namwekea programu ya hali ya hewa kama ana shamba, ya kamusi kama ana mtoto shuleni, ya Biblia na nyimbo kama ni mtu wa kanisa, ya nyakati za swala kama ni Mwislamu, ya drafti kwa wachimbaji wanaosubiri zamu ya kushuka shimoni, na ya kuchekesha namwekea mtu hata asipoomba, maana maisha ya huku ni magumu na kucheka si dhambi. Watu wananiita Daktari wa Simu na sijawahi kupata lawama mpaka nilipowasaidia wakwe.

Mke wangu anaitwa Martina, tuna mtoto mmoja, Luka. Mama yake anaishi Kharumwa na Boaz, kaka yake Martina, na wewe kama ni mtu wa huku unajua kwetu Wasukuma mkwilima, mume wa binti, na mama mkwe hawazoeani, hatupeani mkono, hatuli pamoja, nikifika kwao naishia uani kwa wanaume naye yuko jikoni, miaka yote hii sura yake siijui vizuri, na baba mkwe alipofariki nikaona mama atakuwa mpweke, nikampelekea simu ya tachi, mimi, siyo Boaz aliyemzaa mwenyewe, nikamwekea wasapu, nikamwekea redio, nikamwekea ile ya kupiga picha jani la muhogo ukaambiwa linaumwa nini, Martina akamfundisha, na kuanzia hapo kila asubuhi mama mkwe ananitumia sauti, "Mwangaluka baba, huku mvua imenyesha, Luka kaamkaje," nami namjibu, tukawa tunaongea vizuri kuliko wakwe wote ninaowajua.

Sasa ikaja programu moja ya kuchezesha picha, unaweka picha ya mtu yeyote, inampa mwili, anacheza singeli kiuno kinazunguka utadhani ni yeye kweli, mji mzima ukawa unaitaka, nikaijaribu kwa sura yangu, nikaijaribu kwa mwenyekiti wa mtaa pale pale kibandani akacheka mpaka machozi, nikasema hawa wakwe wamenuna mno tangu msiba, ngoja niwachangamshe, nikatafuta picha ya mama mkwe nikapata ile moja tu niliyonayo, niliipiga kwa mbali siku ya mazishi ya mzee, amekaa kwenye mkeka kajifunika kanga kichwani, ikakubali vizuri sana, nikairusha kwenye kundi la familia nikaandika, Mama yetu bado yumo.

Mashemeji wadogo walicheka, vikatuni vya kucheka nilivihesabu kwa macho yangu, wakairusha kwa wenzao, halafu Boaz akapiga simu akanitukana matusi ambayo gazeti lako haliwezi kuyaandika. Nikaifuta kwa wote, lakini ilikuwa imeshafika gulioni, na mama mkwe alipokwenda mashineni kusaga, vijana wa pale wakamwonyesha, akaacha debe lake la mahindi kwenye foleni akarudi nyumbani, na tangu hapo naambiwa hata kwenye jumuiya ya kanisa haendi. Mimi sikukaa kimya, niliomba radhi, nilituma stika ya kikaragosi kimepiga magoti, wakanuna, nikajichezesha na mimi mwenyewe nikairusha ili ngoma iwe droo, Boaz akanitoa kwenye kundi. Kisha ikaletwa simu na bodaboda, ile ile niliyompa mama, imezimwa, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, salamu hakuna. Nimeitupa kwenye droo na sijaiwasha.

Martina nilipomweleza akaniuliza kitu kimoja tu, "Hiyo picha uliitoa wapi?" Nikamjibu, "Kwenye simu yangu, ulitaka niitoe wapi?" Kulipokucha akambeba Luka akaenda kwao, na sasa Boaz anasema mke wangu sitamwona mpaka niende na wazee tukae kimila, kwa ajili ya klipu fupi hivyo, dunia ya leo, ukale gani huu. Nauliza, niende ustawi wa jamii nikadai mke na mtoto wangu? Na kuna programu inatunga maneno, ukiiambia shida yako inakuandikia, imeniandikia barua ya kuomba radhi yenye adabu kuliko yoyote niliyowahi kuisoma, je, nimtumie Boaz au nimtumie Martina amsomee mama?

Ni mimi, Baba Luka, Geita.

*

Baba Luka, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishindwa kuketi.

Nianze na jema lako kabla hasira hazijalifunika. Kumpelekea mjane simu lilikuwa jambo la utu, na programu ya majani ya muhogo ilimfaa kwa sababu ana muhogo. Wanawe wa kuzaa hawakufikiria hilo, wewe ulifikiria. Hapo nakupa heshima yako.

Lakini hujajua ulimpa nini. Mimi pia ni mama mkwe wa watu. Mkwe wangu akiniona njiani anashuka baiskeli, anaingia kwenye shamba la pamba la watu, anageukia kule mpaka nipite, na mimi hupita nimenyoosha shingo, maana najua binti yangu yuko kwa mtu anayenistahi. Ila upweke upo. Unamsikia anacheka uani na huwezi kumuuliza mjukuu kaamkaje. Mama yako mkwe alipata njia kwenye ile simu: sauti inafika, uso haufiki, mila haijaguswa. Ndiyo maana alikuwa anakuamkia kila asubuhi. Alikuona mtu wa kuaminika, mtu anayetunza umbali. Wewe, ambaye hata uso wake huujui vizuri, ukaenda ukamchezesha kiuno na kuwaita watu waje watazame.

Kwa hilo tu wazee wangekuita. Silo lililoniinua kitini. Kilichoniinua ni ile picha, uliyoitaja upesi upesi katikati ya sentensi na kuendelea kusifia jinsi ilivyokubali. Siku ya mazishi ya mzee, kwenye mkeka, kanga kichwani. Baba Luka, huyo ni mwanamke anamlilia mume wake ambaye kaburi lake bado lina udongo mbichi. Ndiye uliyemfanya acheze singeli. Martina hakukuuliza habari za kiuno, wala za kundi, wala za Boaz. Aliuliza picha uliitoa wapi, kwa sababu aliutambua ule mkeka, na pengine siku hiyo yeye ndiye alikuwa amemshikilia mama yake asianguke. Alikupa nafasi ya kusema neno moja la kibinadamu. Ukamjibu kama mteja msumbufu.

Halafu unasema ni ukale! Mtu asiye na mila hata moja, mama yake akichezeshwa kwenye msiba wa baba yake, atafunga mizigo vilevile. Usimsingizie Msukuma kwa kosa ambalo lingekuwa kosa popote.

Ustawi wa jamii usiende. Utawaambia nini? Mkeo yuko kwa mama yake mzazi anamuuguza aibu uliyomletea wewe, na mtoto yuko kwa bibi yake. Wakikuuliza sababu utawaonyesha klipu? Nakuonea huruma ukiifungua mbele ya watu wazima.

Na hiyo barua nzuri uliyoandikiwa, ifute leo. Usimtumie Boaz, usimtumie Martina, usiisome hata wewe ukajifariji. Hiyo programu haikuwepo msibani. Wewe ulikuwepo.

Sasa fanya hivi. Mtafute mshenga aliyekupeleka kuoa, au baba yako mdogo, mtu ambaye wakwe wanamheshimu, umweleze yote bila kuruka habari ya picha. Simu yako iache Geita. Najua itakuwasha mfukoni, iache. Mkifika Kharumwa usiingie uani kama ulivyozoea, simameni nje mpaka mkaribishwe, na mkifukuzwa rudini mwende tena siku nyingine. Ukiruhusiwa kusema, usiseme ulikuwa unachangamsha watu. Sema, "Nilichukua picha ya mama akiwa msibani nikaifanyia mchezo." Kwa mdomo wako, kwa Kisukuma chako hata kama kimepinda. Watakachokutoza kimila kitoe, usipunguziwe. Mama hutamwona, yuko ndani, lakini usiwe na wasiwasi, anasikia.

Bado hujamaliza. Aibu hakuipata chumbani, aliipata mashineni mbele ya watu, kwa hiyo siku ya gulio nenda pale mashineni, simama na wale vijana, uwaambie aliyefanya upuuzi ule ni wewe Daktari wa Simu kutoka Geita, na mmoja mmoja uwaombe waifute ukiwa unaona. Utachekwa. Vumilia, yeye alivumilia peke yake na debe lake likabaki kwenye foleni.

Kuhusu kazi yako sikukatazi, na mafundi wengine wanaonisoma nao wanisikie. Endelea kuwaonyesha watu vilivyomo kwenye simu zao, maana ni kweli wengi wanabeba ghala na kutumia kizingiti. Lakini kabla hujamwekea mtu chochote, muulize anaamka kufanya nini. Mkulima mpe hali ya hewa, mama wa kwaya mpe nyimbo, mchimbaji mpe drafti yake acheze akisubiri zamu. Za kuchekesha ziko nyingi na nami nacheka nazo, ila chezea sura yako, au ya mtu aliyekaa mbele yako akakubali. Mwenyekiti alicheka kwa sababu alikuwa kibandani na angeweza kusema hapana. Mama mkwe wako mila haimruhusu hata kukukaribia akwambie acha.

Imebaki ile simu kwenye droo. Unaizungumzia kama zawadi iliyodharauliwa, na ndiyo inayokuuma kuliko yote, nimeona. Hakurudisha zawadi, Baba Luka, amekurudisha wewe. Usiiwashe, usiichungulie, usimpe mteja, na siku ya kwenda kuomba radhi usiibebe, maana utaonekana umekuja kubembeleza kwa kifaa. Ifute vumbi, iache ndani ya kitenge chake. Ikitokea asubuhi moja akamwambia Martina kwamba anataka kujua muhogo wake unaumwa nini, mpe Martina aipeleke ndani kwa mkono wake, nawe ubaki barabarani na uso wako umegeukia kwenye pamba.