Modemu Aliyoiacha Zuhura

Jumatatu, 8 Julai
Nimefagia tangu alfajiri na ua bado njano. Majirani wanapulizia mikorosho yao, salfa, dawa ya unga, inahamia kwangu. Nimeanua nguo, nimefunika maji. Macho yanawasha.

Nimefungua boksi la mwanangu Zuhura. Modemu yake imo, ile aliyoitumia Masasi kabla mumewe hajamchukua Muscat. Kuukuu, imepauka. Simu kubwa aliyoniachia tundu la laini limekufa. Bila modemu haioni kitu. Kitochi changu kinaleta sauti tu.

Sauti hainitoshi. Amejifungua mtoto wa kike. Nataka kumwona na nywele alizotoka nazo tumboni. Jumamosi wanamnyoa.

Jumatano, 10 Julai
Fundi Rehema amekuja kutoka Newala mjini. Shikamoo yake ina adabu, mikono myepesi. Ametia laini kwenye modemu, kaiweka dirishani upande wa mnara. Namba ya siri imebandikwa tumboni mwake. Kanisomea, nimeibonyeza mwenyewe kwenye simu. Shule sikuiona. Herufi na tarakimu kanifundisha Zuhura, mkekani hapa hapa.

Taa imekuwa kijani. "Ya zamani, bibi, lakini inashika. Ukiona nyekundu, ipe muda, inatafuta."

Tumempigia Zuhura. Hakupokea. Labda ananyonyesha. Kesho.

Alhamisi, 11 Julai
Leo zamu ya mikorosho yangu. Mashine ya kupulizia imenguruma nyuma ya nyumba, vumbi mpaka kwenye meno. Nimeifunika modemu kwa sufuria la ubwabwa. Salfa isiiguse.

Jioni simu haishiki. Nimefunua kuchungulia. Nyekundu. Nimefunika upesi.

Ijumaa, 12 Julai
Nafunua, nyekundu. Nafunika. Nimezunguka na simu chumba hadi jikoni. Nimeitukana modemu. Halafu nimeiomba radhi, ni ya mwanangu.

Rehema nimempigia kwa kitochi. Yuko Masasi msibani, anarudi Jumapili.

Jirani yangu Mama Saidi kasema twende senta, mwanawe ana simu nzuri. Nimekataa. Nimwone mjukuu wangu huku wanywa kahawa wanachungulia begani? Nataka kumwona hapa, alipojifunzia mama yake kutambaa. Mama Saidi kanitazama. "Mama Zuhura, kiburi hicho utakila na mboga gani?" Nimemwambia aende akaangalie mboga zake.

Zuhura kapiga. Nimemwomba wangoje siku moja tu. "Mama, wakwe wameshaalika watu." Alipokata nimelia.

Jumamosi, 13 Julai
Wamemnyoa.

Sikupika.

Jumapili, 14 Julai
Rehema kaja. Kauliza modemu iko wapi. Nimemwonyesha sufuria. Kakaa chini, kacheka mpaka ushungi umemwanguka. "Bibi, ulikuwa unampikia nani mtandao?"

Kumbe mtandao haupiti kwenye sufuria. Zote nzima, modemu na simu. Ni mimi niliyemfungia mjukuu wangu mlango. Nina hasira na sufuria. Zaidi na mimi.

Imekaa wazi kidogo, ikawa kijani. Zuhura kapokea. Amekonda. Nimemwambia hivyo kabla hajamaliza shikamoo. Akacheka, kisha machozi. Sijaiona sura hiyo tangu apande basi. Nimegusa kioo, picha ikaruka, Rehema kairudisha.

Mtoto kichwa kitupu, kinang'aa. Nimeuliza nywele. Zilikuwa nyingi, kasema, zimelala mpaka shingoni. Kanitumia picha. Nimezitazama sana. Ni nzuri. Lakini picha haipumui.

Mama Saidi naye amekuja kutazama. Nimemsogezea mkeka. Mboga hakuitaja.

Jumanne, 16 Julai
Salfa imetulia. Modemu nimeifunika kanga ya Zuhura, nyepesi. Taa ya kijani inaonekana kupitia ua la kitambaa.

Zuhura kasimamisha simu yake kando ya kitanda, na usingizi umemchukua. Mtoto kalala kifuani pake. Nami yangu nimeiegemeza kwenye sufuria. Nabangua korosho taratibu, nisiwapigie kelele.

Anapumua kwa mdomo, kama mama yake alivyokuwa. Kichwani pameanza kuwa na kivuli. Zinaota.

Siwaamshi.