Mpunga Uliolala

Jumamosi, 5 Mfunguo Nane, 1307 Hijria

Dunguni tangu alfajiri, kulinda mpunga. Ndege wengi mno. Mimi upande wa mto, Faida upande wa msitu, mwanawe Zuhura mgongoni kalala fofofo na makelele yote yale. Koo limenikauka kwa kuwafukuza. Mpunga umeanza kuwa manjano. Mahindi yameshakomaa, yangali juu ya mabua. Kindu nzima sijaona shamba zuri kama letu mwaka huu, na naogopa kulisema hata hapa.

Mchana mawingu. Hayakunyesha.

Jumanne, 8 Mfunguo Nane

Mume wangu amekata neno. Hatuvuni. Amehesabu miongo tangu Siku ya Mwaka, kumi baada ya kumi, kama marehemu baba yake alivyokuwa akihesabu kule pwani ya Mrima, na hesabu inasema mwongo ujao ni wa jua. Basi mpunga ukauke papo hapo shambani, tuukate mara moja. Mahindi vilevile.

Nilimwambia hapa si Mrima. Akanijibu mwaka ni mwaka. Bwana Hamadi akishika hesabu, humng'oi hata kwa jembe.

Alhamisi, 10 Mfunguo Nane

Naliandika hili nisije nikajidanganya. Msafara wa Kasongo utapita hapa mwisho wa mwezi, una mchele. Ghala letu likijaa, hatuna haja nao. Lisipojaa, Bwana atatoa mtu apewe mchele. Mtu mwenyewe ni Faida. Alimtaja mbele yake, Faida akimmiminia maji ya kunawa. Maji hayakumwagika.

Alinunuliwa huko mji wa Kama, meno ya utoto hayajamtoka. Nimemlea mimi. Nimemfunza kusuka ukili, kupika, kusali. Ananiita Bibi, lakini nikiumwa ni yeye anayenikanda miguu, wala hangoji kutumwa. Namchukia mume wangu leo.

Ijumaa, 11 Mfunguo Nane

Bwana alipokwenda kusali nilimwambia Faida tuvune kwa siri. Sisi wawili, visu vidogo, suke moja moja, tukaushe juu ya moto jikoni. Nilidhani atafurahi. Akakataa.

“Tungoje, Bibi. Punje haiko nzito bado. Ikikuwa nzito gala itajaa, njo mimi nitabaki.”

Nilipasua punje kwa meno. Kweli, ndani bado laini, na maziwa kidogo. Tukaacha visu.

Jumapili, 13 Mfunguo Nane

Mvua tangu alasiri.

Jumatatu, 14 Mfunguo Nane

Mvua.

Jumatano, 16 Mfunguo Nane

Haijakatika. Mpunga umelala, upande wa mto wote, kama mkeka uliokanyagwa. Maji yanafika kifundoni. Bwana anasema ni mvua ya kupita. Amekaa barazani anahesabu upya kwa vidole, akidhani aliruka mwongo. Hakuruka. Nilihesabu naye, moja kwa moja hadi leo. Hesabu ni sawa kabisa, na mvua inanyesha.

Ijumaa, 18 Mfunguo Nane

Wamefanya zinguo kuomba mvua ikome. Kwa wazazi wetu huzungushwa ng'ombe mji mzima, akasomewa, akachinjwa. Huku ng'ombe hawaishi, basi wakazungusha mbuzi kwenye shamba. Wanaume wakasoma Yasini, mvua ikiwanyea vichwani, karatasi za chuo zimeloa mpaka wino ukatoka. Mbuzi alikwama matopeni. Wakamvuta kwa kamba na huku wanasoma. Nilitaka kucheka, nikalia.

Wenyeji wa ng'ambo ya kijito nao wamefukiza dawa zao. Mahindi yao yameoza kama yetu. Hilo lilinituliza kidogo, na naona haya.

Jumapili, 20 Mfunguo Nane

Tumekwenda kuokoa kilichobaki. Hakuna. Punje zimeota zikiwa bado sukeni, vijani vidogo vya kijani, vizuri kutazama. Mahindi ukimenya ganda ni ukungu, na chini ya ukungu miche.

Faida alikata mpaka magharibi, mtoto mgongoni. Alikata na masuke yaliyoota. Nikamwambia acha, hayo si chakula. Hakuacha. Nikapandwa na hasira nikamwambia: si wewe uliyesema tungoje? Akakaza kanga ya mtoto. Kisha akaendelea kukata.

Sikupaswa kulisema. Limeshatoka.

Alhamisi, 24 Mfunguo Nane

Tunakausha juu ya moto. Nyumba inanuka uchachu, macho yanawasha kwa moshi. Muhogo nao umeozea ardhini, ukichimba unatoka uji. Ghalani kuna rundo dogo pembeni. Bwana aliingia, akatazama, akatoka.

Nikamfuata. Nilipiga magoti, mimi mwanamke wa kiungwana, na watu wanaona. Nikamwambia toa bangili zangu zote za fedha, umwache mtoto wa watu. Akasema bangili hizo alizinunua yeye. Hakusema kwa ukali. Ndilo lililonikatisha tamaa: alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua zamani.

Faida yuko uani. Anasuka mkeka ambao hautakwisha.

Jumanne, 29 Mfunguo Nane

Msafara umefika asubuhi. Mvua ilikuwa imekoma alfajiri.

Mwenye msafara alimtazama Faida meno, akamtazama miguu, akaridhika. Mtoto hamtaki. Njia ndefu, asema, mwanamke mwenye mtoto mgongoni habebi mzigo sawasawa. Bwana akakubali hata kabla sijafungua mdomo.

Faida alifungua kanga mgongoni, akanipa Zuhura. Akaniambia asipewe kunde, zinamuumiza tumbo. Basi. Hakuniaga, na mimi sikujua ninamuagaje. Wakamtwisha mzigo wakarudi zao njia ya Kasongo.

Nimeingia ndani. Nimelala na mtoto, amelia mpaka sauti ikamwisha.

Ijumaa, 2 Mfunguo Tisa

Jua kali tangu lilipochomoza. Ardhi inapasuka. Majirani wote wameanika nguo.

Mchele wa Kasongo ni mweupe, mkavu, hauna hata kijiwe. Nilichagua kwa mazoea, sikupata cha kutupa. Nikapika mwenyewe. Zuhura alikula vijiko viwili, akageuza uso kuutazama mlango, kisha akala tena.

Bwana alikula, akanawa, akaenda msikitini.

Nilikaa na sufuria. Nilisema sitaula. Niliketi hivyo mpaka ukapoa. Halafu nikaula, nikashiba.